Kimya kwa Jumla

Nyumbani nina makufuli kumi na tisa
na mlango mmoja.
Kumi na moja ni ya shaba. Mawili hayana funguo.
Moja, la chuma cheusi, hufunguka kwa kuzungushwa kinyume,
na hilo siligusi usiku, kwa kuwa nikiligusa silali.

Kila moja nalikumbuka kwa kelele za siku yake.
La saba: spika za Luthuli zilikuwa zikishindana.
La kumi na mbili: msimamizi alihamisha meza yangu bila kuniambia.
La kumi na sita: mvua, honi, mtu kanishika bega akiulizia njia.
Naingia duka la Nyamakima. Nalipa. Linasema *kta*,
na mji mzima unanyamaza
mpaka nivuke barabara.

Dada yangu Kavinya husema, "Si ujizuie tu!"
Kama vile mimi ni mlango.
Mama naye: "Haba na haba hujaza kibaba."
Nikauliza kibaba ni ujazo gani, nigawanye.
Wakacheka hadi chai ikamwagika.
Sikuwa nafanya mzaha. Nilikuwa na kalamu mkononi.

Muuzaji aliniambia, "Hiyo ndiyo bei ya mwisho."
Kesho yake alikuwa na nyingine, chini zaidi.
Bango lake linasema LEO TU tangu Februari.
Mimi huamini maneno. Imenigharimu kuliko shaba.

Jioni moja nikajumlisha:
makufuli, kalamu za kijani kimoja kilekile,
na ule mzani wa vito
niliounua bila kuwa na kito.
Elfu kumi na tatu, mia sita na arobaini.
Chumba cha nyuma kule Umoja, ghorofa ya nne,
kisichotazamana na baa wala kanisa la mabati,
amana yake ni elfu kumi na nne.

Kumbe nimekuwa nikinunua kimya rejareja
na jumla ipo.

Sasa nikitamani kitu nakiandika: jina, bei, saa,
na kelele iliyokuwapo.
Hiyo safu ya nne ndiyo mwalimu.
Nasubiri siku saba, kisha nasoma.
Mara nyingi kelele imekwisha, kitu kimebaki wino.
Na kutoka kazini napita Kirinyaga Road,
wanakouza vipuri vya magari, nami sina gari.
Ni hatua mia tatu na nane za ziada. Ni bure.

Kamukunji, fundi Oduya alinichomelea kibubu cha bati.
"Nikuwekee na kufuli?"
Nikasema hapana mara mbili;
ya pili ilikuwa ya vidole.
Kina ufa tu, upana wa sarafu. Kukifungua ni kukivunja.

Nilipokuwa na miaka minne, sijatamka neno,
majirani waliniita jina hilohilo, bila *ki*.
Nakilaza karibu na mto wangu.
Hawakujua kwamba anayenyamaza
huenda anahesabu.

Nilisema kumi na tisa. Ni ishirini.
Ilikuwa Julai, siku ya ving'ora,
shilingi mia nne na hamsini, shaba, mwanya mwembamba kama kope.
Nililiandika baada ya kulipa, si kabla.
Safu ya nne haikutosha, nikaendelea ukingoni.
Kesho yake nikatia hamsini kwenye ufa
nikasikia ikianguka juu ya nyingine.

Jumamosi Bi. Nafuna, mtunza nyumba,
aliniacha nisimame ndani ya kile chumba dakika kumi.
Bomba lilidondosha. Njiwa alitembea juu ya bati.
Kisha nikasikia masikio yangu yenyewe.
"Umekipenda?"

Imebaki elfu tatu na mia mbili.
Nikafungua daftari, nikaandika jina, bei, saa.
Safu ya nne nikaiacha wazi.